Asilimia Nne

Saa moja asubuhi, Mufindi haijavua blanketi.
Ukungu umelalia chai, umegoma kuamka,
nami nimekumbatia kikombe kwa vidole kumi, nasubiri
kompyuta iniambie nani ataniacha.

Ndiyo kazi yangu siku hizi: afisa utumishi
anayepewa majina kabla ya barua za kuacha kazi.
Walikuja vijana wawili kutoka makao makuu,
wakamwaga ndani ya mashine miaka yetu kumi na minne:
kuchelewa, kuugua, likizo, mikopo ya chama,
umbali wa mlango wa mtu hadi kengele ya kiwanda.
Mashine ikacheua. Ikatoa orodha.
Nyekundu: ataondoka. Njano: mwangalie.
Kijani: lala usingizi.

Wa kwanza kwa wekundu alikuwa Anyosisye, mtu wa boila,
asilimia themanini na moja.
Nikamfuata. Zamani nisingemfuata, naungama;
ningengoja barua, niifunge kwenye faili, nitangaze nafasi.
Nikamkuta anasukuma gogo la mkaratusi mdomoni mwa moto,
jasho kifuani, baridi mgongoni.
"Unataka kutuacha?"
Akaduwaa. "Nani kakwambia? Sijamwambia hata mke wangu."
Kisha, taratibu, akifuta mikono kwenye suruali:
zamu ya usiku, mtoto mwenye pumu,
kilomita tisa za matope masika yote,
na rafiki wa kiwanda cha mbao Mafinga
anayempigia simu kila Jumapili.
Mashine haikuijua pumu. Ilijua kachelewa mara kumi na moja.
Nikambadilishia zamu. Kalamu moja, mstari mmoja.
Yupo mpaka leo, boila inanguruma.

Basi nikaanza kuiheshimu
kama unavyomheshimu mbwa aliyebweka kabla ya mwizi.
Nikawatembelea wekundu wote. Nikanywa chai na wa njano.
Atupele nikampeleka kozi ya umeme,
Chengula nikamtafutia chumba cha karibu.
Makao makuu wakaandika: hongera.

Na Mlowe?
Kijani. Asilimia nne.
Miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha kuchachusha,
Mlowe anayejua kwa pua, si kwa saa,
dakika ile jani linapoacha unyasi na kuwa shaba.
Hakuchelewa. Hakukopa. Hakuomba kitu.
Lala usingizi, na mimi nikalala.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
kwa hiyo sisi, wenye busara, hatukumsifu.
Akashuka mnazini na kibuyu chake.

Barua ilikuja Julai, wino wa bluu,
herufi zimesimama wima kama watoto paredi:
ana ekari mbili za parachichi huko Njombe,
miche imeanza kuzaa.
Anashukuru kwa ushirikiano.

Nikamkimbilia getini, pumzi zikitoka moshi.
Koti la kazi alikwisha kulirudisha, limekunjwa vizuri,
vifungo vyote vimefungwa.
"Mlowe, mbona hukuniambia?"
"Ulikuwa unapita mlangoni kwangu kila Jumatatu," akasema,
"unaelekea boila."

Chai ya wiki ile ilitoka na ladha ya majani ya mgomba.

Sasa mashine inataka kujifunza. Imefungua kidirisha:
Sababu ya kuondoka? Chagua moja tu.
Mshahara. Umbali. Ugonjwa. Nidhamu. Mengineyo.
Kidole changu kimesimama juu ya Mengineyo
na hakijabonyeza.
Nje ukungu unanyanyuka, tuta kwa tuta,
watu wanaingia getini, sweta juu ya sweta,
wengi wao wa kijani,
na sijui majina ya watoto wao.